Pete Ndani ya Mchele

Alhamisi, 14 Agosti. Tunduma.

Kesho safari ya Ikinga, ukweni. Jumanne nafunga ndoa na Atupele. Pete mbili za dhahabu ninazo mimi, jasho la miaka miwili ya kujaza makaratasi ya malori kwa wakala wa forodha. Na hapa mpakani mtu anaweza kuibiwa soksi kiatu kikiwa mguuni!

Atupele kapiga simu kutoka kwao. Nizitunge pete kwenye uzi, nivae shingoni, basi. Uzi! Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Mambo ya usalama aniachie mimi.

Kaka yake, shemeji Ezron, anauza mitumba hapa na tunasafiri pamoja. Kajitolea kunibebea. Nimekataa. Mtu huyu huweka simu mfuko wa shati, nusu iko nje inapigwa na upepo.

Nilijaribu kwanza kuzificha kwenye soksi. Nimechechemea mpaka sokoni, watu wanne wamenipa pole. Haifai.

Jioni, wazo! Nimenunua kilo tano za mchele wa Kamsamba. Pete nimezifunga kwenye kitambaa, nimezizamisha katikati, mfuko nimeushona. Mwizi wa stendi anataka simu, anataka pochi. Mchele wa nini? Na pochi nimemwandalia: tupu, ndani karatasi tu imeandikwa “Mungu anakuona”. Nacheka peke yangu.

Ijumaa, 15 Agosti. Ikinga.

Pochi imeibiwa kabla ya saa moja asubuhi! Mtego umefanya kazi. Kasoro ndogo: tiketi yangu nilikuwa nimeitunza humo. Nimekata nyingine. Ezron kacheka mpaka tumefika kituo cha Mpemba. Simu yake haikuguswa. Wezi wa siku hizi hawana macho.

Tumefika saa nane. Mama mkwe katoka, kapiga goti, kapokea mfuko, kashukuru kwa mchele, kaingia nao jikoni. Yote hayo kabla sijamaliza kumwamkia!

Nilisahau. Mimi, mtu wa mipango, nilisahau kwamba ukweni hakuna anayefika mikono mitupu, na ulichoshika mlangoni ni cha mwenye nyumba. Nidai zawadi yangu? Niingie jikoni kwa mama mkwe? Sisi watu wa Mbozi tumelelewa. Nimekaa sebuleni nakunywa chai, roho iko jikoni.

Atupele kauliza habari za pete. Nimesema ziko salama. Si uongo. Sikusema ziko salama wapi. Ezron akijua, nitasimuliwa kwenye kila msiba mpaka na wa kwangu.

Jumamosi, 16 Agosti.

Saa tano, harufu ya vitunguu. Wanataka kupika wali! Nimemtuma Atupele mbio akamwambie mama yake kwamba wali unanivuruga tumbo, tangu utotoni. Kanikumbusha kwamba mwezi wa sita nilimaliza sahani mbili za pilau mbele yake. Nimesema ndipo ugonjwa ulipozidi.

Mchana umekuja ugali na maharage. Ushindi!

Ushindi wa dakika tano. Atupele kaniletea ujumbe: kwa kuwa mkwe hali wali, na mchele wenyewe ni mzuri namna ile, mama ameamua mfuko wote, kama ulivyoshonwa, uende kanisani kesho uwe sadaka. Maharage nimeyaacha.

Jumapili, 17 Agosti.

Mahubiri sikuyasikia. Macho yalikuwa madhabahuni, kwenye mfuko wangu, kati ya jogoo na mkungu wa ndizi.

Baada ya ibada, mnada wa sadaka uwanjani kama kawaida. Mzee Yesaya ndiye mnadi. Ulipofika mchele nikataja elfu kumi na tano kabla hajafungua kinywa. Watu wakageuka. Si ndiye mkwe asiyekula wali? Ezron akaniangalia, akaona jasho, akataja ishirini. Mtu hana hata sufuria! Thelathini. Thelathini na tano. Mzee Yesaya alikuwa anarukaruka kwa utukufu wa Bwana. Sitini! Ezron akashusha mkono.

Nikanyoosha mikono nichukue mali yangu. Ndipo yule adui alipopaza sauti: “Shemeji kamnunulia mama mkwe! Vigelegele jamani!”

Ni desturi, unanunua mnadani unamzawadia mtu. Nikatae vipi, mbele ya mchungaji atakayenifungisha ndoa? Mama mkwe alikuja akicheza, akautia mfuko kichwani. Nilipiga makofi. Nilitaka kulia.

Jumatatu, 18 Agosti.

Nimekiri. Nilimwita Atupele nyuma ya zizi nikamwambia yote, kuanzia soksi. Hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa. Alisema pete zikipotea tutavishana hata za shaba. Lakini mume wa kumfichaficha mambo hamtaki, na kama ndivyo nilivyo, niseme leo kabla ya kesho.

Nampenda mwanamke huyu kuliko dhahabu ya dunia nzima. Nikaapa: sitamficha kitu tena. Akaitikia kwa kichwa, akaenda jikoni.

Huko pete zilikuwa tayari juu ya ungo. Mama mkwe alizikuta akichambua mchele, na alikwishawaambia majirani kwamba mkwe alimkabidhi yeye pete kwa heshima, ndani ya chakula, ndiyo sababu aliupigania mfuko mnadani kama simba. Wanawake wawili walikuwa wanafuta machozi. Atupele akaniangalia kwa mbali. Hakumsahihisha mama yake. Wali nimekula sahani tatu.

Jumanne, 19 Agosti.

Tumeoana! Mchungaji kanitaja kwenye mahubiri, mkwe mwenye hekima. Ezron kakohoa mahubiri mazima.

Jumatano, 20 Agosti.

Kesho tunaondoka. Tunaanzia Vwawa kwa shangazi Tabita, kisha Tunduma. Sasa tuna cheti cha ndoa, na karatasi haina pacha. Atupele anataka kukiweka kwenye mkoba wake. Mkoba! Ndicho kitu cha kwanza mwizi anachokitazama. Mama mkwe amemshonea shangazi mto mzuri wa sufi. Nimefumua mshono kidogo, nimekiingiza cheti, nimeshona tena. Hata jicho la malaika halitajua.

Atupele kauliza kiko wapi. Nimemwambia alale, mume wake ameshapanga kila kitu. Shangazi atafurahi sana kesho tukimkabidhi mto wake.