Chati Yangu na Cherehani ya Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo nimeanza maisha mapya. Saa kumi na mbili na robo jioni, baada ya chai.

Sababu ni chumba kidogo cha pembeni ya jiko. Tangu tuondoe masanduku kimebaki kitupu. Hatua tano urefu, tatu upana, dirisha moja, upepo mwanana, na kochi langu la zamani linaingia kama lilipimiwa humo. Nakitaka. Mama mkwe naye anakitaka. Anaishi nasi tangu Juni, yeye na cherehani yake ya miguu, ambayo imekaa sebuleni kati yangu na televisheni.

Mke wangu ni mwalimu wa hisabati, hatoi kitu bila mtihani. Aliniuliza chumba nakitakia nini. Sikuweza kusema usingizi. Nikasema nataka kujiendeleza: mwili, akili, na utayari wa dharura. Maneno yalitoka yenyewe, tena kwa sauti nzuri. Akasema basi nijiendeleze wiki mbili, kila siku na ushahidi wake, naye atakagua Jumapili ya tarehe 19. Nikifaulu, chumba changu. Nikishindwa, cherehani inaingia. Mama mkwe akasema yeye hana neno, mwanawe aachwe ajaribu. Alisema hivyo huku akikata uzi kwa meno.

Hawajui wanashindana na nani! Mimi ni karani wa masjala, mwaka wa kumi na tisa huu. Kwangu jambo likishaandikwa kwenye jalada limekwisha kutendeka. Nimechora chati kwa rula na kalamu za rangi mbili, nikaibandika ukutani. Safu tatu. Hatua elfu kumi kwa siku, kwa saa ya mkononi inayohesabu. Somo moja la huduma ya kwanza kila siku. Daktari mmoja amerekodi masomo kumi na manne, nasikiliza kwenye simu. Na ukaguzi wa mkoba wa dharura, ambao uko tayari nyuma ya mlango: tochi, betri, filimbi, bandeji, maji chupa mbili, biskuti paketi sita.

Hatua za leo: 2,140. Nimeanza pole pole kwa makusudi.

Jumanne, 7 Oktoba

Nilipanda ngazi zote tano badala ya lifti. Mara moja. Goti la kushoto likalia kama mlango wa stoo. Hatua: 4,015. Hii si njia.

Jioni nilikaa kochini nikimtazama mama mkwe akishona foronya. Mguu wake kwenye pedali: juu, chini, juu, chini. Hachoki. Hapumziki. Hata haangalii chini.

Nimepata wazo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Wazo linafanya kazi! Kila asubuhi, mama mkwe akiwa bafuni, naifunga saa kwa kamba chini ya pedali. Jioni naifungua. Jana 11,600. Leo 13,250, na mimi kutwa nilikuwa kwenye kiti changu cha masjala nikipanga majalada kwa herufi. Mke wangu ametazama chati akasema hongera, kisha akatazama tumbo langu. Nikamwambia matokeo ya mwili huchelewa.

Jambo moja dogo. Leo kamba ilikuwa imefungwa kwa fundo zuri kuliko ninavyokumbuka. Nadhani mikono yangu nayo inajiendeleza.

Masomo yanaendelea vizuri pia. Nikirudi kutoka kazini nawasha simu kifuani, nafumba macho, daktari anasema. Mwili unalala lakini sikio halilali, hilo kila mtu anajua. Mama mkwe ameomba niongeze sauti kidogo kwa sababu cherehani inapiga kelele. Niliona ni dharau, kisha nikaongeza.

Mkoba: nimekagua biskuti kwa ubora. Paketi mbili. Ubora upo.

Jumapili, 12 Oktoba

Balaa. Nilisahau kwamba mama mkwe hashoni Jumapili. Alikaa dirishani miguu juu ya kigoda, anapunga upepo, na saa chini ya pedali inasoma sifuri. Saa tano asubuhi, sifuri!

Nikajifungia chumbani na wembe. Nikafumua pindo la suruali moja. Nikampelekea, nikasema nimejikwaa. Akashona kwa dakika kumi. Hatua 990. Nikarudi kufumua nyingine. Na nyingine. Kufikia alasiri nilikuwa nimemletea suruali saba, mashati mawili na pazia la bafuni. Alizipokea zote bila kuuliza. Alisema tu kwamba nguo za mtu huyu zina huzuni. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, bado ngapi? Nikamuuliza ngapi nini. Akasema nguo, mwanangu, nguo.

Jumla: 10,040. Nimetia alama ya vema kwa wino.

Jumatano, 15 Oktoba

Mama mkwe amepata kazi ya mapazia ya ukumbi mzima wa mikutano. Saa inasoma 41,300.

Mke wangu alisimama mbele ya chati, akafanya hesabu kwa midomo. Akasema ni kama kilomita ishirini na tisa, na akaniuliza nilipita wapi. Nikasema masjala ni kubwa, na majalada hayajipeleki yenyewe. Akaomba kuona soli za viatu vyangu. Nikamwambia mimi hutembea kwa wepesi. Akaitikia mmh. Nimeishi na mmh hiyo miaka kumi na mitano na sijawahi kuipenda.

Nilipolala na somo la kumi niliota sauti mbili zikijibizana. Daktari aliuliza mtu anayepumua kwa kasi kwa hofu afanyiwe nini, na mwanamke akamjibu aketishwe, alegezwe shingo, ahesabiwe pumzi. Niliposhtuka alikuwepo mama mkwe peke yake, uso kwenye pazia. Amezidi kuzungumza peke yake. Uzee ni kazi.

Mkoba sasa una hali yake. Biskuti zimekwisha ukaguzi. Betri zimo kwenye redio, kwa sababu ya mpira. Ili usionekane umesinyaa nimetia majalada matatu ya zamani kutoka ofisini.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mke ametangaza mtihani wa vitendo. Kesho saa nne atapiga kengele, na mimi nitoke na mkoba hadi chini kwa ngazi, kabla yake. Yeye ataanzia jikoni. Nimesema hamna shida. Lifti yetu hushuka kwa sekunde arobaini, na mlango wake uko upande ambao mke hataupitia.

Nimeunyanyua mkoba. Uzito mzuri. Sikuufungua. Vema.

Jumamosi, 18 Oktoba



Kengele ilipolia nilikamata mkoba, nikachomoka, nikaingia lifti. Mlango ukiwa unajifunga mama mkwe naye akaingia, na pochi yake kwapani. Akasema katika hatari hawezi kumwacha mwanawe. Tulishuka vizuri ghorofa moja. Kati ya ya nne na ya tatu lifti ikagutuka, ikasimama. Taa ikazimika.

Nakiri hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu: niliogopa. Niligonga mlango. Nilimwita mke, msimamizi wa jengo, na marehemu babu yangu. Pumzi ikawa inaingia bila kutoka. Mama mkwe akaniambia nifungue mkoba. Nikatamani sakafu ipasuke, maana nilijua ndani mna majalada matatu. Nikafungua zipu huku nikitafuta uongo wa kumwambia.

Tochi ikawaka! Betri mpya. Maji. Bandeji. Biskuti paketi sita, za aina bora kuliko zangu. Hakuna jalada hata moja.

Sikuwa na nafasi ya kushangaa kwa sababu kifua kilikuwa kinabana. Aliniketisha sakafuni, akanilegeza shingo ya shati, akanihesabia pumzi: vuta mbili tatu nne, toa mbili tatu nne. Aliongea kama yule daktari, neno kwa neno. Nilipotulia akanipa biskuti, akapiga filimbi mara tatu, akanyamaza, akapiga mara tatu tena. Msimamizi alitutoa baada ya dakika arobaini, kwa ngazi ya kukunja.

Tulipomaliza ngazi zilizobaki, mke alikuwa chini, uso umemwiva kwa wasiwasi. Alimkumbatia mama yake, kisha akanikumbatia mimi, tena kwa nguvu. Sikutegemea. Nilijisikia vibaya kidogo, lakini ikapita.

Lifti ikawa haifanyi kazi. Tukapanda kwa miguu. Mama mkwe, miaka sitini na nane, alipanda ghorofa tano bila kusimama, akizungumza njia nzima. Mimi nilipumzika kila ghorofa, na mara moja katikati.

Halafu, jamani, nikakumbuka. Ngazi zote zile kwa miguu yangu mwenyewe, na saa iko chini ya pedali. Imesoma 12.

Jumapili, 19 Oktoba

Siku za mwizi ni arobaini. Mimi sikupewa hata kumi na tano.

Mke alivaa miwani ya kusahihishia. Akasoma safu ya kwanza hadi jana, akauliza inakuwaje siku niliyopanda jengo zima nina hatua kumi na mbili. Akaomba saa. Nikapapasa mkono, nikapapasa mfuko, nikajifanya nashangaa. Mama mkwe akainama taratibu, akaifungua kutoka chini ya pedali, akaiweka mezani. Akasema aliiona siku ya kwanza tu. Kamba ilikuwa inalegea, ingenasa, ndiyo maana akawa anaifunga upya kila asubuhi. Mkoba aliujaza Ijumaa, alipojikwaa juu yake ukatoa sauti ya makaratasi. Na masomo anashukuru sana, yalimpunguzia upweke. Ila somo la kumi na moja hakulisikia vizuri, kwa sababu nilikoroma.

Mke alicheka hadi akavua miwani. Alisema katika miaka yake ya ualimu hajaona chati ya kweli kama hii: hatua zilipigwa, masomo yalieleweka, mkoba ulikuwa tayari. Kosa ni moja tu. Akachukua kalamu nyekundu, akakata jina langu juu ya chati, akaandika Mama. Maksi mia kwa mia.

Cherehani imeingia chumbani saa nane mchana. Mimi ndiye niliyeisukuma. Hilo zoezi halina pa kuandikwa.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimelala kochini, pale ilipokuwa cherehani. Upepo unafika. Televisheni naiona yote. Mama mkwe kaniletea chai na suruali saba zilizopigwa pasi, akaniambia nimemfundisha mengi, nikamjibu asijali.

Nimetafakari kwa kina nikaona nilipokosea. Nilimbebesha mtu mmoja malengo yote matatu. Hapo ndipo watu hugundua. Mke ametaja kwamba roshani haina mwenyewe. Shemeji yangu anakuja Ijumaa kukaa mwezi mzima. Kazi yake ni kusambaza barua, anatembea kutwa, na ana viatu vyenye soli nene sana.

Chati mpya iko ukutani. Nimetafuta na kamba imara zaidi.