Mstari wa Mjumbe Mwishehe

Jumatatu, 3 Februari 2025

Kikao cha wazazi shuleni kwa mwanangu Sekela. Nimekaa benchi la mbele ili nisionekane mtu wa kujificha. Kosa la kwanza.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Yustina, katangaza kwamba shule imefurika. Hakuwa na haja ya kutangaza, nilishahesabu mwenyewe kupitia dirisha. Darasa la tatu: watoto mia na kumi na wawili, madawati ishirini na nane. Wanne kwenye dawati la watatu. Na hiyo ndiyo shule nzuri! Kule mtaani kwetu, ng'ambo ya bonde, Sekela alisoma muhula mzima akiwa sakafuni, mstari wa tisa. Nilimuuliza mwalimu wake kama anamfahamu, akasema yeye anamjua utosi tu. Hapa Mtoni, mwaka mmoja, kajua kusoma. Sasa anasoma kila kitu. Mabango ya waganga. Maandishi ya nyuma ya bajaji. Mengine namwambia afumbe macho.

Halafu pigo. Watoto wasiokaa mtaa huu watarudishwa shule za kwao.

Mie nakaa ng'ambo ya bonde. Nilipomhamisha Sekela nilisema tunakaa nyuma ya msikiti. Hakuna aliyeuliza msikiti gani.

Hapo Fredrick kasimama. Huyu ana bucha karibu na geti, na ndiye aliyenishinda ujumbe wa kamati ya shule kwa kura nne, ambazo mbili zilikuwa za watu waliokuja kuuza karanga. Kauliza kwa sauti ya kiungwana, hao wa mbali watajulikanaje? Kauliza huku ananitazama mie! Na mie najua fika wale mapacha wake wanatoka Mbagala. Kila asubuhi namwona anashuka nao kwenye daladala ya huko.

Nikasema moyoni, heri nimchome kabla hajanichoma. Nikasimama. Nikatoa hoja: waitwe wajumbe wa nyumba kumi wote wa mtaa, wasimame mstarini asubuhi, na kila mtoto apange foleni nyuma ya mjumbe wa kwao. Mjumbe anajua nani analala nyumba ipi, hata anayekohoa anamjua. Asiye na mjumbe atabaki peke yake katikati ya kiwanja kama mlingoti wa bendera.

Makofi! Mwalimu Yustina kasema hilo ni wazo la mtu mwenye akili. Itafanyika Ijumaa, Afisa Elimu Kata atakuwepo.

Nimekaa chini nikiwa na raha. Raha ilidumu kama sekunde nne. Sekela naye hana mjumbe.

Jumanne, 4 Februari

Nimemweleza mke wangu. Demetria kacheka.

Kaniuliza kwa nini nisiende kwa mwalimu nikasema kweli: karakana yangu ya kuchomelea mageti inatazamana na geti la shule, nashinda pale toka asubuhi hadi jioni, nyumbani kwetu hakuna mtu wa kumpokea mtoto. Nimemwambia ukweli ni tairi la akiba, hulifungi kabla hujapata pancha. Kasema, Baba Sekela, wewe hata ukiulizwa jina lako utatafuta shahidi wa uongo.

Wanawake hawaelewi mipango.

Mpango ni huu. Nyumba kumi za nyuma ya msikiti zina mjumbe, Mzee Mwishehe. Geti lake limening'inia kwa bawaba moja toka mwaka juzi. Nimekwenda. Shikamoo ya kuinama. Nimelisifia geti, kisha nimelisikitikia. Kanielewa kabla sijamaliza. Kasema yeye mtoto wa mwenzake ni mwanawe, na bawaba ziwe tatu, zisiwe mbili.

Jumatano, 5 Februari

Nimeshinda kwa Mzee Mwishehe nafunga geti. Bawaba tatu, kitasa kipya na maua ya chuma juu, maana kakumbuka maua nilipokuwa nakusanya vifaa.

Mzee anapendwa huyu! Saa nne asubuhi anakula maini, tena ya kukaanga na vitunguu. Barazani pana ndoo mpya mbili, doti za kanga ambazo hazijakatwa, na sinia la sambusa kutoka kwa Bi Khatun wa duka la vitambaa. Mama mmoja nisiyemjua alikuwa anamfulia mashuka. Nikasema kweli heshima hainunuliwi.

Nimemuuliza kama Ijumaa hatasahau. Kasema hasahau mtoto. Kauliza jina. Nimemwambia Sekela. Karudia: Sekela, Sekela. Kisha kafumba macho akawa anahesabu kwa vidole, nikadhani anasali.

Jumla: nimelala salama. Yaani nitalala.

Alhamisi, 6 Februari

Mazoezi na Sekela. Mtoto huyu hajui kusema uongo, sijui karithi wapi, labda kwa mama yake. Nimemwambia asiseme kitu, asimame tu nyuma ya babu mwenye kofia. Kasema mababu wote wana kofia. Nimemwambia babu mwenye geti zuri. Kauliza kama atakuja nalo.

Kisha kauliza, akisimama nyuma ya yule babu, je, ina maana mama naye anakaa kule? Na kama mama anakaa kule, nani anakaa kwetu? Nimemwambia anywe chai.

Mchana nilisikia pikipiki ya Afisa Elimu. Nikajibanza nyuma ya geti la mteja. Geti lilikuwa la nondo. Kanisalimia kwa jina.

Ijumaa, 7 Februari

Sijui niandike vipi.

Saa moja na nusu kengele imelia, ile rimu ya lori wanayoigonga kwa nondo. Watoto mstarini. Wazazi tumejipanga ukutani. Wajumbe kumi na wawili wamesimama mbele, kanzu na suti, mmoja kavaa tai na ndala. Afisa Elimu kaketi kivulini. Mwalimu Yustina katoa amri: kila mtoto kwa mjumbe wake!

Vumbi. Kelele. Kisha kimya, na mistari imenyooka.

Nimehesabu, siwezi kujizuia, ndivyo nilivyoumbwa. Mjumbe wa kwanza watoto thelathini na mmoja. Wa pili ishirini na sita. Wa tatu thelathini na wanne. Mambo ya kawaida. Mzee Mwishehe...

Mstari wa Mzee Mwishehe ulianza mbele ya bendera, ukapita madarasa, ukazunguka choo, ukaishia jikoni wanakopikia uji. Mtoto wa mwisho alikuwa kaegemea sufuria. Na kati ya vyoo na jiko niliwaona mapacha wa Fredrick!

Damu ilichemka. Nikasahau kila kitu. Nikapaza sauti mbele ya shule nzima: nyumba kumi, watoto mia moja thelathini na saba! Kumi na tatu nukta saba kwa kila nyumba! Hata dagaa kwenye kiroba hawabanani hivyo! Hao wamepachikwa! Nikamnyooshea Fredrick kidole, nikasema mtu mzima anahonga mjumbe kwa maini!

Mle kwenye mstari mkono mdogo ukanyanyuka, ukanipungia. Sekela. Anatabasamu. Kampata babu mwenyewe.

Fredrick hakukasirika. Kaniuliza taratibu, fundi, lile geti lenye maua kalichomelea nani?

Wazazi wamecheka. Si wote. Waliocheka hawakuwa na watoto kwenye ule mstari, na pale ukutani hao walikuwa wachache.

Afisa Elimu kamwita Mzee Mwishehe, kamuuliza hawa wote wanalala kwako? Mzee kajibu kwa heshima zote kwamba yeye katika maisha yake hajawahi kumbagua mtoto. Uamuzi: wazazi wote wa mstari ule tufike ofisini Jumanne, mmoja mmoja. Atakayeshindwa kujieleza, mtoto anarudi shule ya kwao.

Shule ya kwao. Sakafuni, mstari wa tisa.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani. Mchungaji kahubiri kuhusu waliojichimbia shimo. Nimebadilisha benchi mara mbili, macho yake yakanifuata.

Mchana Sekela kaja na swali. Kama akirudi shule ya zamani, atakaa mstari uleule, au kwa sababu sasa anajua kusoma watamsogeza mbele? Nimemwambia harudi popote. Kasema sawa. Kisha kaenda kuweka madaftari yake kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu kule sakafu ilikuwa inalowa mvua ikinyesha.

Nimetoka nje kukagua kitu. Hakukuwa na kitu.

Jumatatu, 10 Februari

Karakana nzima wanaongea habari moja. Eti waliodanganya wataitwa polisi. Eti watapigwa picha. Mteja kaniambia kule kata jirani mzazi alipelekwa mbali. Nilipomuuliza wapi, kasema mbali. Nimechomelea dirisha la mtu juu chini.

Demetria kasisitiza tena. Useme kweli. Sentensi moja: nakaa ng'ambo, nafanya kazi hapa. Kanirudisha kama mtoto wa chekechea, niseme, nirudie. Nimerudia mara sita. Nimeahidi. Safari hii naogopa kuliko ninavyopenda kudanganya.

Jumanne, 11 Februari

Foleni ofisini, benchi refu. Fredrick kakaa mbele yangu. Jasho lilinitoka mpaka shati likawa rangi mbili.

Kaingia. Katoka anacheka meno yote. Kasema kawaambia anakaa Mbagala, bucha ipo hapa, basi, mapacha wanabaki, maana Afisa kakubali watoto wa wanaofanya kazi mtaa huu. Hakuna polisi wala picha. Kisha kanipiga bega, kaniambia, fundi, sema kweli tu, usiogope, ingawa karakana si kama bucha, bucha ni ofisi kamili.

Ofisi kamili! Ndoano na gogo!

Nimeingia. Mwalimu Yustina hakungoja nifungue mdomo. Kasema, fundi Wilbert, wewe tunakuona hapo ng'ambo ya barabara kila siku, grenda yako ndiyo inatusumbua kipindi cha hesabu. Tuambie tu unakaa wapi, tumalize.

Sentensi ilikuwa mdomoni. Nakaa ng'ambo, nafanya kazi hapa. Ilikuwa pale, juu ya ulimi! Lakini nikamwona Fredrick dirishani, bado anacheka. Nikawaza, bucha yake ina vigae, karakana yangu ina mabati. Wakianza kupunguza watoto wa wafanyakazi, wataanza na nani? Hesabu iko wazi. Inabidi niwe na kitu cha ziada.

Nikasema nalala humohumo karakana.

Mwalimu Yustina kavua miwani. Kauliza, peke yako? Nikaona nikisema peke yangu, mtoto anakaa wapi? Nikasema na familia. Kauliza, na Sekela? Nikasema hasa Sekela.

Afisa Elimu kaacha kunywa soda. Kauliza kama ndimo ilimo mitungi ya gesi. Nikasema imefungwa vizuri. Kauliza na zile cheche. Nikasema mtoto kazizoea.

Wametazamana. Wakanishukuru kwa ukweli wangu. Kisha wakanieleza kwamba suala la shule limekwisha, Sekela anabaki, lakini mtoto kulala kati ya mitungi ya gesi ni suala jingine, la ofisi nyingine. Afisa Ustawi wa Jamii atakuja Jumamosi kuona mazingira anayolala mtoto. Yasiporidhisha, atachukuliwa akae mahali salama.

Nilitoka ofisini. Fredrick kauliza imekuwaje. Nimemwambia imekuwa vizuri kuliko yako.

Jumatano, 12 Februari

Asubuhi Demetria kaniambia: rudi, ofisi iko wazi, sema ulikosea, ni hatua ishirini toka karakana. Nimemwambia nitafikiria. Kasema hilo ndilo analoliogopa. Kisha kasema yeye Jumamosi halali karakana, na Sekela halali karakana, na kama nataka kitu cha kumwonesha huyo Afisa nijioneshe mwenyewe.

Kurudi haiwezekani. Fredrick yupo kwenye kamati, yatamfikia kabla sijavuka barabara.

Nimekaa nikatafakari kwa utulivu, kama mtu mzima. Tatizo ni nini? Mitungi. Mitungi imehamia kwa jirani anayeuza mkaa, sijui kama ni wazo zuri, nitaliangalia. Tatizo la pili, kitanda. Mtu analala wapi bila kitanda? Nimekata chuma toka asubuhi. Futi sita kwa sita, kichwani nimeweka maua, yaleyale ya geti, yananitoka vizuri siku hizi. Chandarua kipo. Nimebandika ukutani hesabu ya kuzidisha, mara moja hadi mara kumi na mbili, Afisa aone ni nyumba ya watu wanaojali elimu. Mke nitaazima. Nimeshamwomba dada Tusajigwe, mama lishe wa hapa jirani. Kacheka sana, nadhani ni ndiyo.

Karakana ni futi saba kwa nane. Nimepima mara tatu kwa tepu. Kitanda kinaingia, inabaki nafasi ya mtu kusimama upande, mtu mwembamba.

Ila sasa mlango haufungiki.

Kesho nakata mlango.