Historia Fupi ya Paa Linavuja

Alhamisi, 3 Agosti 2017

Kibali cha polisi kimepatikana. Kazi yangu peke yangu. Okullo alisema haiwezekani, bendi ya panki, muziki wa magita na makelele, inayoimba mambo ya serikali haiwezi kupewa kibali. Okullo ni mtu wa spika na pikapu. Kalamu haijui. Mimi niliandika "kwaya ya vijana". Afande wa kike mezani aliuliza nyimbo zetu ni za namna gani. Nikamjibu ni za kulia na kuomba. Si uongo. Alum akiimba analia, na majirani wanaomba aache.

Kwa watakaosoma haya siku moja: mimi ni Anselme, mzaliwa wa Bukavu, mchapaji wa fulana na mabango hapa Wandegeya, meneja wa Paa Linavuja. Bendi ni watu watatu. Alum anaimba na kupiga besi. Ogwang anapiga ngoma, na siku za kazi analinda mlango wa bohari. Elisée, mtu wa Goma, anapiga gita na kutengeneza simu Kisenyi. Wimbo wetu mrefu kuliko zote una dakika mbili.

Huo ndio "Sanduku". Baba yake Alum alikuwa sajini. Alikufa kazini, mbali, akarudi ndani ya sanduku lililopigiliwa misumari, familia ikaambiwa isilifungue. Alum alikuwa na miaka kumi na miwili. Sasa ana ishirini na mitatu na bado anauliza, kwa sauti kama ya msumeno, walizika nini. Anaimba kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha aliyosikia baba akiitwa nayo kazini.

Ana sharti moja tu. Jukwaani anaitwa Kutu, na jina la baba yake lisitajwe popote. Mama yake anakaa Mbuya, kwenye nyumba ya kapteni mstaafu, na majirani wote pale ni watu wa jeshi. Nimekubali. Niliinua hata mkono kuapa.

Jumamosi, 5 Agosti

Onyesho la kwanza la ziara. Ukumbi wa hosteli, Wandegeya, saa tisa mchana. Watu ishirini na watatu. Wawili walikuja kwa sababu ya bango langu la "kwaya": mzee mmoja na mkewe, wamevaa nguo za kanisa. Walikaa mbele hadi mwisho. Mzee aliniambia hakuelewa neno hata moja, lakini aliona binti ana mzigo, na atamwombea.

Wanafunzi waliruka hadi vumbi likashuka kutoka darini. Alum alipofika kwenye "Sanduku" hakuruka mtu. Walisimama tu.

Kisha jambo baya. Kiongozi wa wanafunzi alipanda kushukuru. Akamshukuru "meneja, Bwana Okullo". Okullo! Aliyebeba spika! Nilisubiri Okullo akatae. Akapunga mkono.

Jumapili, 6 Agosti

Sikwenda kanisani. Nimepata wazo.

Shida ya bendi hii ni kwamba haina historia iliyoandikwa. Mtu akiulizwa nani ni nani, anamwangalia mwenye gari. Kwa hiyo nimeandika Historia Fupi ya Paa Linavuja, ukurasa mmoja, pande mbili. Aya ya kwanza: bendi ilianzishwa mwaka 2014 na Bwana Anselme. Kusema kweli ilianzishwa na Alum na Ogwang nyuma ya gereji, nami nilikuja kuwachapia fulana, nikabaki. Lakini bila fulana ni bendi gani?

Aya zote za kwanza zinanihusu mimi. Nikasoma. Zilikuwa kavu. Zilihitaji damu kidogo, kitu cha kumfanya mtu wa redio aendelee kusoma. Nikaongeza aya ya Alum: jina lake kamili, Mbuya, sanduku, misumari, na baba yake, Sajini Ogwang. Anaitwa sawa na mpiga ngoma wetu, majina ya kwao yanafanana.

Sharti nalikumbuka. Nimelifikiria sana. Lakini kutaja ni kwa mdomo. Hii ni karatasi.

Nimechapa nakala mia mbili. Harufu ya wino ilinifurahisha siku nzima.

Jumatano, 9 Agosti

Jinja. Sisi watatu nyuma ya pikapu pamoja na spika, Alum mbele na Okullo kwa sababu ya koo lake. Mvua ilianza Lugazi. Turubai lilitosha spika tu. Okullo alisimamisha gari kuhakikisha spika hazilowi. Hakuuliza kuhusu watu.

Tulipiga ndani ya karakana ya seremala, katikati ya vitanda visivyokamilika. Ngoma kubwa ilikuwa imelowa, ikatoa sauti kama gunia la mihogo likianguka. Ogwang aliipiga hivyohivyo, uso umekunjamana. Watu kumi na wanne. Fundi wa pale alisema amewahi kusikia kelele nyingi kuliko zile, ila zilikuwa na faida.

Niligawa Historia mlangoni, watu wakiwa wanaondoka na bendi inafungasha. Elisée alitaka kuona ni nini. Nikasema ni risiti.

Mtu mmoja alisoma pande zote mbili akiwa amesimama. Anaitwa Kasim, ana kipindi cha Kiswahili kwenye redio, kinasikilizwa na madereva wa malori, Wakenya na watu wetu wa Kongo. Alisema habari hii ni nzito na ataisoma Ijumaa. Nilimshika mkono kwa mikono miwili.

Ijumaa, 11 Agosti

Nimefunga kibanda changu cha kuchapia mapema. Redio mezani, kiti kimoja, mimi.

Kasim alisoma vizuri. Sauti nzuri sana. Alisoma Alum na jina lake lote, alisoma Mbuya, sajini, sanduku, misumari, kisha akapiga wimbo wenyewe aliourekodi Jinja kwa simu yake. Mwenye kibanda cha pili, muuza chapati, aliacha kusukuma unga.

Nikasubiri aya za kwanza. Nikafikiri ameziweka za mwisho. Kisha likaja tangazo la sabuni.

Hakunitaja. Hata mara moja. Ameruka upande mzima wa karatasi! Nimemwandikia barua ya malalamiko yenye hoja nne. Nina uchungu mkubwa. Leo ningepaswa kuwa na furaha, na mtu mmoja asiyejali amenipokonya.

Jumamosi, 12 Agosti

Lira. Safari ndefu, mgongo umekufa. Ni nyumbani kwa ukoo wa Alum, ingawa yeye amekulia Mbuya.

Tulipofika simu yake iliita. Alisikiliza muda mrefu bila kusema kitu ila "ndiyo, Mama". Kisha akatuambia. Kapteni Okot, mwenye nyumba, alisikia redio. Amekwenda kwa mama yake asubuhi, amevua kofia, amemwomba kwa heshima atafute pengine ifikapo Alhamisi. Miaka kumi na moja mama amekaa katika chumba kile.

Alum aliuliza redio ilijuaje. Elisée akaingiza mkono kwenye begi langu, bila ruhusa, akatoa karatasi. Alum alisoma akiwa ameegemea pikapu. Upande mmoja, kisha wa pili. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele.

"Mzee," alisema, "nilikuomba kitu kimoja."

Nilieleza tofauti kati ya kutaja na kuandika. Hakuwa akisikiliza. Ogwang alikuwa amekaa chini, anaangalia viatu vyake.

Nilidhani hatapanda. Alipanda. Ukumbi wa shule, mchana, vijana mbele, na nyuma kabisa akina mama watu wazima waliosikia kwamba binti wa nyumbani ataimba. Kabla ya "Sanduku" alishika maikrofoni na kusema jina la baba yake, la kwanza na la pili, mara tatu. Alisema kwa kuwa limekwisha kutoka, bora litoke kinywani mwake. Maskini, kwa uchungu alilikosea. Alisema Ogwal.

Mama mmoja nyuma alianza kulia kwa sauti, ile ya msibani. Wengine wakamfuata. Ogwang alipiga ngoma macho yamefumbwa. Sijawahi kusikia wimbo ule namna ile, na sitausikia tena.

Nikawaza: kama si karatasi yangu, haya yasingetokea. Sikumwambia mtu. Nangoja wakati mzuri.

Jumanne, 15 Agosti

Nimejitolea kwenda Mbuya kuyamaliza mwenyewe. Mazungumzo ya watu wazima wawili. Nilimpelekea Kapteni Okot fulana ya bendi, saizi kubwa, paa lenye tundu kifuani.

Alinipokea vizuri. Chai, kiti. Nyumba ndogo safi, na chumba cha mama kiko upande wa uani. Nilieleza kwamba muziki ni sanaa, na kwamba redio imekosea kwa kuacha aya muhimu. Alisikiliza yote.

"Mimi iko na ubaya na huyu mama? Hapana," alisema. "Bwana yake alikuwa rafiki yangu. Lakini watu watakuja kuniuliza. Mimi mzee. Mimi hapana taka kuulizwa."

Nikasema hakuna atakayeuliza. Akaniambia wawili wameshauliza, wote majirani, wote kwa tabasamu.

Kisha akataka kujua kama wimbo ule ninao kwenye simu. Nikampa. Alisimama kuusikiliza, mikono imenyooka ubavuni, dakika zote mbili.

"Mimi nilibeba lile sanduku," alisema. "Upande wa mbele. Ilikuwa nyepesi."

Alinirudishia simu, na fulana pia. Akasema Alhamisi ni Alhamisi.

Nimefikiria njiani kama nimwambie Alum alichosema mzee. Nyepesi. Nimeamua hapana, si habari ya kumwambia mtu anayehama. Lakini nimeiandika hapa, ni nzuri sana kwa toleo la pili.

Alhamisi, 17 Agosti

Tumemhamisha mama. Kitanda, jiko la mkaa, masufuria, picha ya harusi, cherehani. Vyote viliingia pikapu ya Okullo kwa safari moja. Miaka kumi na moja, safari moja. Okullo alifunga kamba kwa uangalifu, akafunika cherehani kwa turubai la spika zake. Najua alifanya makusudi ili aonekane.

Kapteni hakutoka nje. Pazia lake lilikuwa limefungwa.

Elisée amempatia chumba Kisenyi, juu ya duka la Maimunah, anayeuza vitenge kwa jumla. Jirani kuna gereji, nyundo tangu alfajiri. Mama alitazama dirishani, akasema angalau hapa hakuna anayemjua.

Nilibeba jiko. Alinishukuru. Kisha akauliza kama ni mimi niliyeandika karatasi. Nikasema kulikuwa na makosa ya uchapaji.

"Ndiyo," alisema. "Mume wangu aliitwa Ogwal. Wewe umeandika Ogwang."

Aliendelea kupanga masufuria. Alum alikuwa mlangoni. Wote walikuwa mlangoni.

Ogwang alinisindikiza hadi barabarani. Alisema ndugu zake Lira waliolisikia jina Ogwang redioni wamempigia simu wakimlilia baba yake, ambaye ni mzima na analima. Alisema wamekubaliana wote watatu: nisije tena mazoezini, nisipande tena gari. Hakuniita Papa Anselme kama zamani. Alisema "wewe". Nikauliza nani atakuwa meneja. Akageuka, akarudi kwa wenzake.

Nilirudi Wandegeya kwa miguu. Jioni nilikaa kibandani bila kuchapa kitu.

Jumanne, 29 Agosti

Wamekwenda Gulu. Nimeliona bango, limechapwa kwa mtu mwingine, rangi zimeingiliana. Alum sasa anatumia jina lake lote. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: usafiri, Okullo. Usafiri tu. Hana hata tamaa, yule mtu.

Simu yangu Alum hapokei. Nilimwandikia ujumbe kuhusu Kapteni na sanduku, kwamba lilikuwa jepesi, nikidhani atataka kujua. Umesomwa. Hakuna jibu tangu Jumatano.

Siku zimekuwa ndefu hapa. Mvua, na watu wachache.

Leo mchana akaja mama mmoja, Safinah, kiongozi wa kikundi cha kaswida cha wanawake wa Kisenyi. Wanataka bango la Idi, Ijumaa hii. Maneno manane, kijani juu ya nyeupe. Nikamwuliza kama wana historia iliyoandikwa. Akasema hawana, wana sauti tu. Nikamweleza kwamba kikundi bila historia hakifiki mbali, na kwamba kwa bahati amefika kwa mtu mwenye uzoefu. Akasema anataka bango tu.

Nikamwuliza sauti yenyewe aliirithi kwa nani. Akacheka, akasema kwa mama yake, lakini mama yake hapendi kusemwasemwa, ana sababu zake.

Nimemvutia kiti. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, mimi ni mtu wa siri. Sasa anasimulia, na mvua imeongezeka, nami naandika haraka kadiri mkono unavyoweza.