Linki Yangu na Kikombe cha Uji

Leo nimejianika. Tena mbele ya akina mama wa kanisa, kwa mama mkwe wangu hapa Rangwe. Na hasira bado ninazo!

Walikuja kumwona mtoto. Ana miezi minne. Tumeomba vizuri, tumeketi, mama mkwe amempakata. Mara akaletewa uji wa wimbi na kijiko.

"Huyu analia njaa," akasema.

"Mama, bado. Titi peke yake mpaka miezi sita."

"Nani amesema? Mimi nimelea saba kwa uji."

(Hapo ningemchukua mtoto wangu tu, ninyamaze. Lakini mdomo huu!)

"Daktari amesema, Mama. Niko na linki."

Linki niliihifadhi nikiwa na mimba. Makala safi ya daktari wa watoto, niliisoma yote. Jina lake sikuandika. Tarehe sikuandika. Linki tu.

"Basi nyar Migori," akasema mama mkwe (ndivyo anavyoniita, binti wa Migori), "tufungulie. Weka sauti, na sisi tumsikie." Kijiko kimejaa, anakipuliza.

Nikaweka sauti mpaka mwisho. Nikabonyeza. Ikazunguka. Ikazunguka. Kijiko kikasogea. Mtoto akafungua mdomo (msaliti!).

"KARIBU MSHINDI! WEKA DAU LAKO SASA!"

Na muziki. Na msichana mwenye nguo kidogo sana, anazungusha gurudumu la bahati.

Mama mmoja mzee akafunika macho kwa leso, akaacha nafasi ya jicho moja.

"Huyo ndiye daktari?" akauliza.

Wakacheka mpaka wakashikana! Wenye tovuti walihama, watu wa kamari wakaingia kwenye anwani ileile. Sasa hayo nimweleze nani? Mama mkwe peke yake hakucheka. Alikisogeza tena kijiko kwenye mdomo wa mtoto.

Nikakidaka, nikakilamba. Halafu nikanyakua kikombe, nikanywa uji wote. Moto! Machozi yakanitoka.

"Yawa!" mama mkwe akapiga kelele. "Kumbe mwenye njaa ni mama yake!"

Nikambeba mtoto, nikajifungia chumbani. Ndipo nilipo. Ulimi umeungua, na huko jikoni nasikia uji ukikorogwa tena.

Kwa hivyo, nyie wa kikundi hiki, chekeni baadaye. Mwenye linki ya mambo haya ya titi peke yake, yenye jina la mwandishi na tarehe, aifungue KWANZA yeye mwenyewe, apige na picha ya ukurasa, anitumie sasa hivi. Kikombe cha pili siwezi kumaliza.