Mabawabu Wawili Wanaowazuia Wageni wa Maryam

Dessie, nyumbani kwenu, kama bado unapakumbuka

Kwa Mheshimiwa Surafel, Msimamizi wa Seva na mjukuu wangu,

Tangu Pasaka hujakanyaga hapa. Addis Ababa ni safari ya siku moja, si mwezini. Au miguu nayo umeihifadhi mtandaoni? Anayeandika ni Hirut, binti wa jirani, maana mimi shule niliiona kwa nje tu. Nimemkataza kulainisha hata neno moja.

Nalalamika rasmi kuhusu ukurasa wa mahber, chama chetu cha Maryam. Tangu barabara mpya itubomolee nyumba, wanawake thelathini tumetawanyika, na ni humo tu panapoandikwa mwenyeji wa mwezi ni nani na kwake kunafikiwaje. Tarehe ishirini na moja zamu ni yangu. Ukurasa haufunguki.

1. Nikibonyeza, simu inazunguka weee, kisha inaniambia nimeelekezwa mara nyingi mno. Nimeelekezwa na nani? Sijaona mtu.

2. Hirut, ambaye kazi yake ni kompyuta za benki, amenifumbulia. Umeweka mabawabu wawili, yaani programu mbili za kulinda ukurasa. Wa getini anampokea mgeni kwa kufuli, yaani kwa njia iliyofungwa wezi wasichungulie, vizuri kabisa, kisha anampeleka ndani bila kufuli. Wa ndani anafoka: "We mama, kufuli lako liko wapi? Rudi getini!" Mama anarudi. Wa getini: "Karibu mama, pita." Wa ndani: "We mama, kufuli lako liko wapi?" Mara ishirini! Na hao wawili wanakaa nyumba moja, hawasemezani.

3. Mwezi uliopita mwenyeji alikuwa Weyzero, yaani Bi, Alganesh; alipika mchuzi wa kuku wa watu thelathini. Tulifika wanne, wengine ukurasa haukuwafungukia. Alicheka mbele yetu, akaenda kulia jikoni, nilimsikia. Pombe ya tella ilibaki mtungi mzima. Nikajitahidi kuipunguza kwa heshima yake, na magoti yakanigomea siku mbili.

4. Kwa hiyo naomba makufuli yote ya mtandao yaondolewe, bawabu wa ndani afukuzwe, na aliyemwajiri achapwe mbele ya kanisa, mchana, watu wakiwa wengi. Hirut anasema ipo njia fupi: wa getini aandike cheti, "Huyu amepita kwangu kwa kufuli," na wa ndani aamrishwe kukiamini. Sawa. Lakini kuchapwa kuwe kwanza.

Nina miaka sabini na tisa. Zamu ikipita, hurudi baada ya miezi thelathini. Piga hesabu mwenyewe, wewe uliyesoma.

Msalimie Mahlet mkeo, watoto, na hao majirani zako wa ghorofani wasiojua kusalimiana.

Ni mimi niliyekubeba mgongoni,
Weyzero Yeshimebet

Nyongeza: Hirut aliweka kalamu chini, akanitazama, sasa ameishika tena. Ananikumbusha kwamba simu ya Alganesh ilipoibiwa niliogopa mwizi atasoma njia za nyumba zetu, nikakupigia kwa spika, uani, watu wote wakisikia. Ulisema, "Bibi, bawabu mmoja anatosha." Nikakujibu, "Nani mkubwa hapa? Weka na wa ndani, na asimwamini mtu yeyote, hata huyo wa getini!"

Basi. Suala la kuchapwa limeahirishwa. Andika hicho cheti leo. Na tarehe ishirini na moja ufike kabla ya wanawake, uvue viatu vya mjini, unisaidie mitungi, na usithubutu kunyanyuka kabla ya kikombe cha tatu cha kahawa, kile cha baraka.