Viziwi Wangu Kumi na Wawili na Meli ya Gwadar

Jumamosi, 5 Mei 1951

Kapteni katukusanya uani mwa ngome. Kiarabu chake ni cha Mwingereza anayesoma hotuba, lakini leo nimemwelewa neno kwa neno. Sheikh, mtawala wetu, anataka polisi zaidi. Kila koplo atafute makuruta kumi na wawili, awafunze gwaride, awapitishe mbele ya Sheikh tarehe 17. Atakayeshinda atapata likizo ya miezi miwili, na nafasi katika meli ya tarehe 20.

Meli hiyo inapita Gwadar, ng'ambo ya pili ya bahari. Kwetu! Kwa Mahgul! Mke wangu sijamwona miaka mitatu. Nilimwacha mlangoni kashika ufagio, akaniambia nisikawie. Nimekawia.

Tunashindana mimi na Koplo Mubarak peke yetu. Mubarak ni mzaliwa wa hapa. Kwao ni hatua mia mbili kutoka lango la ngome, na mama yake humletea wali na samaki kila adhuhuri. Nikamuuliza likizo anaitakia nini. Akajibu kuwa amechoka kula amesimama. Hana haya huyu mtu.

Jumatatu, 7 Mei

Mubarak kaenda jangwani kutafuta wachunga ngamia. Mjinga! Mimi nimekwenda ufukweni kwa wazamiaji lulu. Siku hizi lulu hazina soko, wanaume wamekaa tu wanaitazama bahari. Nikafikiri: mtu anayeweza kukaa chini ya maji bila kupumua, kusimama juani kutamshinda? Nikawaahidi sare, buti, na nyama kila Ijumaa. Kufika alasiri nimeandikisha kumi na wawili. Vifua kama milango ya msikiti! Kapteni kawatazama, kafurahi.

Nimeanza kufunga mizigo.

Jumanne, 8 Mei

Ni viziwi.

Miaka ishirini ya kuzama imewapasua masikio. Nimeita "Kulia geuka!" mpaka koo limekauka. Wanne wakageuka kulia, watatu kushoto, mmoja akakaa chini, waliobaki wakanitabasamia kwa adabu. Mubarak akapita na wachunga ngamia wake. "Shahdad, ndugu yangu," akasema, "hao waandikie barua."

Ngome nzima ikacheka. Hata mpishi, ambaye mwenyewe hajui chumvi.

Nimefungua mizigo.

Alhamisi, 10 Mei

Ghanim ndiye mkubwa wao, na sikio lake la kushoto bado linasikia kidogo. Kaniambia kuwa huko chini hawakuitana kwa sauti. Kamba ikivutwa, mtu anajua la kufanya. Hapo akili ikanijia. Ishara! Nikishika sikio la kulia, wageuke kulia. La kushoto, kushoto. Nikigusa pua, waende mbele. Nikishika tumbo, wasimame. Amri nitazitoa kwa sauti vilevile, Kapteni asije akagundua akawafukuza.

Kufika saa kumi wanakwenda kama mtu mmoja. Machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi.

Baadaye Ghanim kaniuliza jina la mke wangu. Nikamwambia. Akasema yeye akiwa chini alikuwa akilitaja la mkewe moyoni, polepole, na pumzi haikumwishia. Siku aliyokosea jina ndiyo siku nusura afe. Nikacheka. Kisha nikaenda nyuma ya zizi la farasi, nikabana pumzi, nikajaribu na la mke wangu. Nimelitaja mara ishirini na saba.

Alhamisi, 17 Mei

Gwaride. Sheikh juu ya zulia, wageni wake kulia na kushoto, kahawa inazunguka. Watu wa Mubarak wamepita vizuri, ila kila mmoja kwa hatua zake, kama wanaomtafuta ngamia aliyepotea.

Zamu yangu. Sikio, sikio, wanageuka kama mlango wenye mafuta. Tayari naiona pwani ya kwetu. Mara nzi akatua puani pangu. Nikampiga.

Wakaondoka. Moja kwa moja kuelekea kwa Sheikh! Walinzi wakainua bunduki. Mimi nikashika tumbo kwa mikono miwili, wala haikuwa ishara, tumbo lenyewe lilikuwa linaniaga. Wote wakasimama kwa kishindo kimoja, ncha za buti kwenye ukingo wa zulia.

Sheikh akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Akasema hajapata kuona utii kama huu, watu wanakwenda bila hata kuambiwa. Kuanzia kesho hawa ndio walinzi wa lango lake, pamoja na koplo wao.

Nimeshinda! Nikamkumbusha Kapteni likizo. Akaniuliza nitakwendaje Gwadar na huku Sheikh ananitaka langoni kila siku. Likizo amepewa Mubarak.

Ijumaa, 18 Mei

Mubarak kaja na bakuli la mama yake.

"Bwana wee, mimi likizo niende wapi?" kasema. "Chukua wewe. Mama kanigombeza tangu jana: mke wa mwenzio kachoka kutazama njia, na wewe unakula wali wa moto! Nifundishe hizo ishara, nitasimama langoni badala yako. Kapteni amekubali."

Nimekula. Samaki mnono. Lakini katika kula nikafikiri. Nani hutoa kitu bure? Miezi miwili mbele ya macho ya Sheikh, nitarudi nimkute sajini, na viziwi wangu ni wake. Nikamfundisha masikio yote mawili. Nikamfundisha pua. Tumbo nimelinyamazia. Walinzi wa lango wanasimama tu siku nzima. Aliyesimama asimamishwe ya nini?

Jumapili, 20 Mei

Asubuhi nikapanda mashua inayopeleka abiria melini. Nimebeba halwa, vipande viwili vya kitambaa chekundu, na kioo cha Mahgul. Meli imetia nanga mbali, moshi tayari. Moyo ulikuwa unanitangulia.

Kumbe Sheikh alikuja ufukweni kuwasindikiza wageni wake, na walinzi nyuma yake. Nikamwona Mubarak anagusa pua.

Wakaja. Wakampita Sheikh. Wakampita Kapteni. Mubarak anakimbia kando yao anapiga kelele, na nani amsikie? Wakaingia majini na buti zao, safu moja, nyuso za mabwana harusi. Magotini. Kifuani. Nikakumbuka uzito wa buti zile.

Ningeweza kutazama meli. Niliitazama, kidogo. Kisha nikasimama ndani ya mashua nikashika tumbo. Bibi mmoja akanifokea nikatapikie upande wa pili. Lakini walisimama, maji kidevuni, wakapiga saluti. Ghanim alikuwa anacheka.

Kapteni akaniita kwa mkono kutoka nchi kavu. Mashua ikageuzwa.

Jumatatu, 21 Mei

Meli imeondoka. Nilibaki ufukweni mpaka moshi wake ukawa kama unywele. Halwa nimewapa viziwi.

Nimemwandikia Mahgul kuwa nimecheleweshwa na mahasidi.

Adhuhuri Mubarak kaja tena, na bakuli tena. Hakunilaumu hata neno. Kasema meli nyingine inakuja baada ya wiki mbili, na mama yake kaweka nadhiri nisiikose. Kapteni anakaribia kukubali. Nimfundishe tu yote, safari hii, kwa haki ya Mungu.

Nimemfundisha yote. Hata tumbo. Kanikumbatia.

Alipoondoka nimemwita Ghanim pembeni, nikamwambia kwenye sikio lake la kushoto, awaarifu na wenzake, kuwa kuanzia kesho kushoto si sikio tena, ni kiwiko. Hiyo moja tu. Hiyo si hila, ni tahadhari.

Wiki mbili, Mahgul. Safari hii nakuja.