Malalamiko Dhidi ya Damu ya Mke Wangu

Kwa Daktari Noëlla, mkuu wa chumba cha wagonjwa mahututi

Daktari muheshimiwa,

Pokea salamu zangu na za jamaa wote tuliopiga kambi uani kwenu tangu mke wangu Adélaïde apasuliwe tumbo. Ninaandika kwa adabu zote, ingawa nimekasirika.

Alipopandwa na homa, mimi, mwalimu mstaafu wa biolojia kutoka Bagira, nilitambua papo hapo kuwa ni bakteria. Nikaomba antibiotiki kali kuliko zote. Wewe ukamtoa damu, ukapima zile alama za damu zinazopanda kila bakteria wanapovamia mwili, ukakagua na kidonda na mapafu, kisha ukasema bakteria hawaonekani. Homa ni ya upasuaji wenyewe. Dawa ukaninyima. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hukuniuliza. Katika ukoo wetu hakuna anayekohoa bila mimi kumpangia antibiotiki, na wengi wamepona, hata wale waliosahau kuzimeza.

2. Kikundi chetu cha maombi kilikuwa kimekwisha kumfukuza bakteria huyo kwa jina lake la Kilatini, nililowafundisha mimi kulitamka. Wamama wametoka Walungu wakafunga kula kwa sababu yake. Uliposema hayupo, shemeji yangu Consolate aliniuliza mbele ya watu: «Papa Donatien, sasa ile microbe tulifukuza iko ya nani?» Na ushuhuda wa Jumapili tutautoaje? Tumshukuru Mungu kwa kumwondoa ambaye hakuja?

3. Heshima yangu imeanguka. Jana Consolate alishikwa na mafua, akanywa tangawizi bila ruhusa yangu. Mbaya zaidi, leo ni mzima.

4. Kwa hiyo naomba damu ya Adélaïde ipimwe upya, nami nisimamie kama nilivyosimamia mtihani wa taifa, Examen d'État. Ikikataa tena kukubaliana nami, ipimwe yangu. Padri alituambia kwamba mume na mke ni mwili mmoja, na yangu nina hakika itajibu vizuri.

Unisalimie wauguzi wote, pamoja na yule anayetufukuza dirishani, ambaye simchukii sana.

Ni mimi ninayengoja uani kwa heshima,

Donatien Akonkwa

P.S. Nilikuwa sijafunga bahasha. Asubuhi hii homa ilishuka, nikawatangazia jamaa kwamba Adélaïde amepona, wakaanza kukunja mikeka. Wewe ukampima damu tena, kumbe alama zimepanda sana na kidonda kimeingiwa na bakteria ndani kwa ndani. Ukamwanzishia antibiotiki wakati mimi naongoza wimbo wa shukrani. Daktari, barua hii uichane. Damu yake uitoe kila unapoona inafaa, na mimi usiniulize kitu. Ninaogopa sana. Nikimkosa mama huyu, sitakuwa na mtu wa kumwambia kwamba nilikosea.